Kinasa Sauti Kilichobaki Shatini

Nyumba ile ile,
mlango ule ule unaogoma kufunguka,
Jumapili, tarehe nane.

Mpendwa mdogo wangu,

Habari za huko kwa watu wenye bahati? Mimi mzima, isipokuwa goti la kushoto ambalo halitii amri yangu tena, na meno, ambayo tumeagana salama. Kifua chako je, kimeacha kukusumbua? Shemeji anakulisha, au bado anakusimulia tu alivyokuwa akipika zamani? Mpe salamu, ila hiyo sentensi usimsomee.

Ujue kwanza kwamba unaandikiwa na mcheza filamu. Kaka yako amepata tuzo ya mwigizaji bora kwenye tamasha la filamu la hapa mjini, na picha yake imebandikwa ukutani, kubwa kama mlango wa gereji.

Haya, nimedanganya. Tuzo sikupata. Nilipata mfuko wa kitambaa wenye jina la tamasha, chupa ya maji, na kadi ya kuning'iniza shingoni iliyoandikwa MGENI, kana kwamba sikuzaliwa mtaa wa pili kutoka pale. Picha ukutani ipo, lakini ni ya kisigino cha kiatu. Langu mle ni dole gumba.

Tamasha lenyewe ni la hawa vijana wanaotengeneza filamu zao wenyewe, bila kampuni kubwa nyuma yao. Walilifanyia kwenye lile jumba la sinema la zamani, ambalo siku hizi ni ghala la makochi. Makochi hawakuyatoa, waliyageuza tu yatazame ukuta, tukaketi juu ya nailoni. Mtu akijikuna, ukumbi mzima unajua. Zulia jekundu nalo lilikuwa fupi, likaishia katikati ya ngazi, basi wakubwa wakawa wanasongamana pale kupigwa picha kama kuku kwenye kipande cha kivuli.

Filamu niliona nyingi. Ipo moja ya bwana anayetazama birika mpaka lichemke. Lilichemka, watu wakapiga makofi. Nyingine umeme ulikatika katikati, na jirani yangu akaninong'oneza gizani kwamba hapo ndipo penye ufundi. Umeme uliporudi akakasirika.

Sasa nikueleze kilichoniuma. Mjukuu wetu, yule mtoto wa binti yangu aliyerudi na kamera kutoka chuoni, alikuwa na filamu yake pale. Ni filamu ya kibaraza chetu: mimi na viatu vyangu upande huu, kinyozi na kiti chake upande ule, na ubao wa drafti katikati, kete zake vizibo vya soda. Kinyozi unamjua, mlikuwa mkicheza naye mpaka mkewe aje kumchukua. Mkewe huyo alifariki, nilikuandikia.

Tangu afiwe, namwachia ashinde. Si kila mchezo, ila ule wa mwisho kabla ya kufunga kazi, lazima. Naweka kete mahali pa kijinga, yeye anaila, mimi natukana. Anakwenda zake anatembea kama bwana harusi. Jambo hili sikumwambia mtu.

Nikamwambia mjukuu. Alikuja kunipiga picha nikishona viatu, akanibandika ndani ya shati kinasa sauti kidogo kama punje ya harage. Tulipomaliza akasema, "Nimezima, babu, tule." Tukala. Ndipo akaniuliza mbona kinyozi ananifunga kila jioni, nami shibe ikanilegeza mdomo. Nikasema mtu yule akifika nyumbani hakuna wa kumfungulia mlango, basi walau aende na ushindi mmoja. Nikatia na utani wangu, kwamba siku hizi anacheza vibaya kiasi kwamba hata kufungwa naye kunahitaji akili.

Kinyozi alikuja kwenye tamasha na suti, akaleta na wateja wake. Tukaketi kochi moja, bega kwa bega. Filamu ilianza vizuri, tukajicheka. Kisha akatokea yeye, amepanda juu ya kigoda, anacheza kwa furaha na kuutangazia mtaa kwamba mzee wa viatu hana bongo. Na juu ya picha hiyo ikaja sauti yangu, taratibu, mdomo umejaa chakula. Yote. Hata ule utani.

Ukumbi ulicheka, halafu mama mmoja nyuma akapenga kamasi. Mimi sikuthubutu kugeuza shingo. Nailoni ya upande wake haikulia hata kidogo.

Taa zilipowashwa akaniuliza, "Hata ile ya siku ya mvua, nilipokula kete nne kwa mkupuo?"

Mdogo wangu, ile alinishinda kweli. Nilinuna mpaka kesho yake. Nikamwambia, "Ile ulinifunga, bwana wee."

Akanitazama kama mteja anavyomtazama fundi anayeapa kwamba soli ni ya ngozi. "Sawa, mzee mwenzangu," akasema, akatoka. Wateja wake wakamfuata bila kuniaga.

Mjukuu alikuwa mbele akijibu maswali ya watu. Nikamvizia mlangoni.

"Uliniambia umezima."

"Nilizima kamera, babu. Sauti sikusema."

"Kwani mimi ni mshitakiwa wako?"

"Babu, filamu yenyewe iko pale unaposema hayo. Ukipatoa pale, ni wazee wawili tu na vizibo vya soda."

Wazee wawili na vizibo vya soda. Hicho ndicho nilichokuwa nacho, na kilinitosha.

Majaji wakampa tuzo. Ya nini, unadhani? Ya sauti bora. Akaniita jukwaani nishangiliwe, nami nikajifanya natafuta mfuko wangu wa kitambaa chini ya kochi. Mama yake ananiambia nisimharibie mtoto furaha yake. Angekuwa mgeni ningeshamsahau. Lakini huyu viatu vyake vya kwanza nilimshonea mimi, na leo akiingia chumbani najipapasa kifua nione kama nimebandikwa kitu.

Kinyozi amehamishia kiti ndani na kutundika pazia mlangoni. Jana nilitoa ubao, nikapanga kete za pande zote mbili. Akatoka, akamwaga maji ya beseni, akasema, "Cheza na mjukuu wako," akarudi ndani. Nywele zangu sasa zinafunika masikio, maana kwa kinyozi mwingine siwezi kwenda, na kwake sikaribishwi.

Nisalimie mwanao mwenye sauti ya lori, na bintiye mchanga, ambaye hanijui na kwa hiyo bado ananiheshimu. Dada yetu mkubwa anakusalimu. Masikio yake yamekwisha kabisa, ndiyo maana filamu aliipenda mno. Mungu akuepushe na baridi ya huko na akupe mapafu mapya.

Nina ombi dogo, na ni haki yangu. Unaikumbuka baiskeli ya marehemu baba iliyoingia mtaroni. Aliyeiingiza ni wewe, aliyesema "ni mimi" ni mimi, na fimbo hatukugawana. Sijakudai mpaka leo. Basi mwandikie kinyozi. Wewe anakuamini, husema ndiye pekee mwenye akili katika ukoo wetu, na neno hilo nimelimeza. Mwambie kwamba drafti naijua nusu tangu utotoni, kwamba ulikuwa ukinifunga hata ukiwa na surua, na kwamba kumpangia mtu kete nne azile kwa mkupuo ni kazi isiyoingia katika kichwa changu, hata nipewe mwezi mzima. Mwambie nimekulalamikia kuhusu ile ya siku ya mvua, kwamba inaniuma mpaka sasa. Andika kwa herufi kubwa, macho yake yamechoka.

Wako akupendaye pamoja na fimbo zile,
kaka yako, fundi viatu.