Jiwe Lisilo na Mutu Chini

Ndosho, Goma

Mudogo wangu Sikuli,

Nakusalimia wewe na nyumba yako yote huko Butembo. Mugongo unaendeleaje? Kama bado unabeba mihogo kichwani na umri huo, usinitumie habari za maumivu. Sisi tuko wazima. Wakimbizi wamejaa mpaka kwenye madarasa, lakini tunapumua.

Nimerudi salama kutoka Ubelgiji. Daniella, mutoto wa binti yangu Thérèse, alinizungusha mpaka nikachoka. Siku moja tulipanda treni mpaka mji wa zamani kando ya mto, jina lake ulimi wangu umelikataa. Mto ni mzuri, lakini hakuna hata mwanamke mumoja anayefua. Eti watu wanatoka mbali sababu ya muandishi aliyezaliwa pale. Nikamuuliza Daniella, mutu akiandika vitabu ndiyo nyumba yake inageuka kanisa?

Tulikuta watu wamejipanga mlangoni, wanaongea chini chini. Ndani kuna maua na foto ya kijana. Mimi ningejuaje? Nikavua viatu, nikakaza kitenge, nikaketi chini na kunyoosha miguu, nikaanza kulia vile inavyotakiwa. Mulinzi akaja kuniinua. Daniella alitaka kucheka, nikamutazama, akaacha. Akasema, koko, bibi yangu, huyu alikufa zamani sana, hapa si kilio, ni musée, nyumba ya kumbukumbu. Nikamwambia mutu akikuta kilio haulizi tarehe.

Sasa sikiliza. Yule kijana wa foto ndiye muandishi mwenyewe; alienda vitani, hakurudi, na maiti haikuonekana. Mama yake akakataa kumuzika, akaendelea kumutandikia kitanda. Alipokuwa muzee kabisa ndipo akaweka jiwe nyuma ya nyumba, na chini yake hakuna mutu. Ukutani kuna foto ya mama huyo dirishani, pembeni yake mwanamke mwingine mwenye nywele nyeupe. Nikauliza kama ni dada yake. Musichana anayetembeza wageni akasema hapana, ni muchumba wa kijana. Alimungoja pamoja na mama mpaka akazeekea humo. Wageni wakasema huo ni upendo mukubwa. Mimi nikasogelea ile foto. Nilikuwa namuona Alliance.

Unajua wewe, tangu Lionel wangu aende Masisi kutafuta maharagwe wakati wa vita na asirudi, sijakubali kilio. Mke wake Alliance yuko kwangu, si mujane, si mwenye bwana. Buhendwa yule seremala alipokuja kumuposa nilimufukuza na fagio. Wewe ukanigombeza, nikakuambia ufunge mudomo.

Basi, Jumamosi ya kwanza baada ya Pasaka tunamuzika Lionel. Tutazika shina la mugomba mahali pake, vile wazee walifanya mutu akipotea, padri apende asipende. Alliance atakuwa huru. Nilimwambia jikoni. Hakulia. Aliniuliza tu, nani atakupikia, mama? Nikamwambia nina mikono. Halafu nikatoka nje, sababu ya moshi.

Ukuje. Lakini ukisema ulinionya, nitakurudisha Butembo na basi hilo hilo. Salimia bwana yako Émile na wajukuu, na wanaoniulizia uwaambie sijafa. Ukuje mapema, Sikuli. Siwezi kumwagia mwanangu udongo bila wewe pembeni.

Ni mimi mukubwa wako,
Perpétue