Saa ya Kuogelea na Ukingo wa Mkondoa

Uswidi,
katikati ya Septemba.

Mdogo wangu Athumani,

Marahaba. Naitikia kabla sijasikia, kwa kuwa miaka yote hii hujawahi kunisemesha bila kuanza na shikamoo, na sitaki barua ikunyime nafasi hiyo. Mgongo unaendeleaje? Na shemeji, macho yamepata nafuu tangu apewe ile dawa ya matone? Mimi nakula, nalala, natembea polepole. Hayo ndiyo mazuri. Yaliyobaki yasome ukiwa umekaa.

Naituma barua hii kwa simu kwa binti yako Zuhura huko Mikumi, aichapishe na kukuletea Kilosa mkononi. Nimemwomba asikusomee. Isome mwenyewe, hata kama herufi zitakusumbua.

Picha ya kaburi la mama nimeiona. Ulisema mwaka jana, kutoka kaburini hadi ukingo wa mto Mkondoa, zilikuwa hatua kumi na mbili. Sasa ni tano. Sheikh ameruhusu mama ahamishwe kwa sababu ya maji, mahali pa juu pameshapatikana kule Chanzuru, na bado mnanisubiri mimi, mtoto wa kwanza, kwa kuwa hata siku aliyozikwa sikuwepo. Nilifika siku ya nne, udongo umeshakauka. Nilikuahidi kwamba safari hii nitakuwepo kabla ya mvua. Kisha ukapiga simu mwezi wa saba, nikakwambia nipo dukani nachagua saa.

"Kaka," ukasema, "sisi huku tunapima hatua za mama, wewe unapima urembo?"

Nikakata simu. Neno lile limekaa nami tangu siku hiyo, na halikuwa la haki, ingawa mwenye kosa la kunyamaza ni mimi.

Unajua mwaka jana walinifungua kifua. Sikukwambia kwamba tangu siku ile siruhusiwi kupanda ndege mpaka moyo uoneshe kuwa unaweza. Daktari hakutaka nipimwe kwa kutembea, magoti yangu hayafai. Akasema niogelee mara tatu kwa juma kwa wiki sita, raundi ishirini kila mara, ukuta hadi ukuta, na mapigo yasivuke mia na kumi. Nikifaulu, atasaini karatasi yangu ya safari. Nchi hii imenitengenezea moyo kwa ustadi mkubwa, kisha ikaniwekea masharti ya kuutumia.

Ndiyo maana ya saa. Binti yangu Rehema alinipeleka, na muuzaji, mwanamke wa makamo mwenye subira, akatupangia tatu mezani. Ya kwanza ilikuwa ya kioo cha kugusa. Akatuonya kwamba matone ya maji huyadhani ni vidole, ikajifungua na kujifunga yenyewe. Ya pili ilistahimili maji, lakini ilikuwa ya watembeao, haikujua kuhesabu raundi. Ya tatu ilikuwa na vitufe vya kubonyeza hata chini ya maji. Unaitajia urefu wa bwawa, inahesabu yenyewe, inasoma mapigo kwa taa ndogo ya kijani iliyolala juu ya mshipa. Halafu inapeleka kila kitu kwenye simu ya mtu mwingine.

Hilo la mwisho sikulitaka. Rehema alilitaka hilo tu. Mimi ningechukua ile ya pili, nikahesabu raundi kwa kichwa changu kama mtu mzima. Akaniambia mbele ya muuzaji, kwa upole unaouma kuliko ukali, kwamba mimi huhesabu ninavyotaka. Tukachukua ya tatu. Muuzaji akaniuliza naogelea mtindo gani, maana saa inaijua minne. Nikamwambia wangu haumo. Akacheka, akidhani ni utani.

Haukuwa utani. Sikuwa nimeingia majini tangu niondoke Kilosa, lakini mwili ni karani mbaya, hautupi faili lolote. Siku ya kwanza bwawani nilijikuta naogelea vilevile tulivyovuka kwenda shambani ng'ambo: ubavu, kichwa juu, mkono wa kulia unavuta, miguu inasukuma, na mkono wa kushoto umeganda kando ya kichwa, umeshika furushi la nguo ambalo halipo. Watoto wa Kizungu walinitazama. Mimi sikujua. Nilijiona nakwenda vizuri mno.

Jioni Rehema akaja na simu yake, uso umebadilika.

"Baba, raundi sifuri. Dakika arobaini inasema umesimama. Na moyo wako unakimbia na wewe umesimama tu."

Nikasema nimeogelea. Akasema saa haina sababu ya kusema uongo. Maana yake ilikuwa kwamba mimi ninayo. Athumani, nimeishi hapa miaka arobaini na ushee, nimesoma vitabu vyao kuliko wanavyovisoma wenyewe, nimemlea mtoto huyu kwa Kiswahili ndani ya theluji, na uzeeni naitwa mwongo kwa ushahidi wa kitu kilichofungwa mkononi mwangu. Tulinuniana siku tatu.

Nilipotulia nikaelewa. Saa huvaliwa kushoto, nami nikaivaa kushoto kama mtu yeyote mwenye adabu. Na kushoto kwangu ni mkono wa furushi. Hautikisiki. Ungetikisika, nguo zingelowa na mama angetuchapa. Saa ilingoja mkono upige maji, ikangoja bure, ikaandika kilichostahili kuandikwa.

Nikampigia Rehema, nikamweleza habari za mto, mimi na wewe na furushi. Hakuwahi kuzisikia. Alicheka hadi akakohoa, akaniomba radhi. Nikaihamishia saa kulia, naye akaanza kutazama tarehe za ndege. Ndiyo sababu mwezi wa nane ulinikuta nimechangamka kwenye simu, nikakwambia mnunue sanda.

Sasa lililo zito. Mkono wa kulia ulihesabiwa wote, na hesabu ilikuwa sahihi. Raundi ya pili moyo umeshavuka mia na kumi. Raundi ya tano nimeshika ukuta. Nikajaribu polepole, nikajaribu asubuhi, nikajaribu bila chai. Bwawani kuna mzee mwenzangu, mtu wa hapa, aliyejitolea kuivaa saa yeye kwa raundi ishirini, na nisikufiche, nilishaifungua mkanda nikaishika mkononi. Kisha nikajiona mtu anayekwenda kumsitiri mama yake kwa moyo wa kuazima. Nikaivaa tena.

Wiki sita zimekwisha jana. Daktari amekataa kusaini. Amesema nikipanda ndege kuna uwezekano mkubwa nisishuke kwa miguu yangu. Rehema alinirudisha nyumbani, tukafika mlangoni. "Ningependa saa ndiyo iwe imekosea, baba," akasema. Nami hilo ndilo nililoliombea wiki zote sita, nikiwa na uchungu na chombo ambacho hakikuwahi kunidanganya hata siku moja.

Uchungu mkubwa zaidi sio huo. Nilikuwa na moyo mzima miaka thelathini na kitu ya mwanzo huku. Mama alikuwa hai karibu yote. Kila mwaka kulikuwa na kazi, kulikuwa na karatasi, kulikuwa na mwakani. Hakuna daktari aliyenizuia miaka ile. Nilijizuia mwenyewe, na hapakuwa na mtu wa kunipimia hilo.

Nisalimie shemeji, mwambie dawa asiiache katikati. Nisalimie shangazi yetu wa Kimamba, wa mwisho anayeweza bado kuniita jina la utotoni, na sheikh, umshukuru kwa subira. Zuhura mpe pole kwa kazi ya utarishi. Wale wote watakaobeba majembe waambie nimewataja kwa heshima.

Na wewe, usiningoje. Mvua haitaniangalia mimi. Fanyeni juma hili, alfajiri, kabla ya jua. Wazee wakikuuliza kwa nini kaka hayupo, usinitetee, waambie moyo umemshinda. Safari ya kwanza ulishuka kaburini peke yako kwa sababu nilichelewa. Safari hii shuka peke yako kwa sababu mimi, mkubwa wako, nimekutuma.

Kaka yako,
Ramadhani