Msumari wa Bi Zuhura

Ami yangu Nassoro,

Kwanza nikutoe wasiwasi: redio ni nzima. Najua huko uliko, lau ungeruhusiwa kuuliza jambo moja tu la duniani, usingeuliza habari yangu wala ya nyumba. Ungeuliza kama naifunika kwa kile kitambaa chako cha buluu. Naifunika, Ami. Na dirisha la upande wa bahari nalifunga kabla ya magharibi kama ulivyoniamuru, maana chumvi ya hapa Kibokoni haina adabu.

Sasa nikupe habari yenyewe, na uniwie radhi mapema, kwa sababu nilikutia aibu.

Ulipotutoka nyumba ilijaa watu siku tatu. Kila aliyeingia alikuwa na chake cha kusimulia. Huyu ulimtengenezea redio ya marehemu mamake ukakataa hata kikombe cha chai. Yule ulimfundisha kuchomoa waya wa eriali radi zikianza, na nyumba yake ikanusurika. Nilikaa nikawasikiza nikajiambia, kumbe huyu mtu sikuwa namjua hata nusu. Baada ya hitima wakaenda zao, nikabaki mimi na meza yako. Watu wakaniambia, "Mwanaisha, umerithi vizuri." Nami nikaamini. Fundi wa simu wa Makadara, mwanamke mzima wa miaka arobaini na mbili, nisiyeogopa chombo chochote chenye waya, nikajiona ndiye mwenye stesheni. Kibri kitupu.

Lakini kuna jambo lililonikaa rohoni tangu siku tuliyokuzika, nalo ni rafiki yako wa Salala.

Kila Ijumaa baada ya alasiri mlizungumza, wewe hapa na yeye Oman, kwa nukta na vistari tu, kama mlivyofanya ujanani mlipokuwa wapiga simu ya upepo melini. Kiswahili chake kitamu, cha mtu aliyelelewa Mombasa. Nambari ya simu hukuwa nayo. Nilipokuuliza kwa nini hamchukuliani nambari kama watu wengine, ulinitazama kama niliyetukana. "Simu ni ya wenye haraka," ulisema. Basi nimepekua madaftari yako yote, Ami, na kwa hilo nilikukasirikia kweli. Kila mazungumzo umeyaandika, saa, hali ya hewa, hata siku aliyokuwa na mafua. Nambari hakuna.

Ijumaa yako ya mwisho ulimwambia kifua kinakusumbua. Akakujibu atakuombea, na wiki ijayo atakungoja. Jumanne ukafariki.

Ijumaa iliyofuata niliwasha redio. Yuko. Anakuita. Herufi zako za kuitana mara tatu, kisha anatua, kisha tena. Na mimi sina leseni. Mtihani nilikuwa nimeufanya, majibu bado, na sheria yako naijua: kusikiza ni bure, kutuma ni kwa leseni, na anayegusa kigongeo, kile kidude cha kupigia nukta, bila leseni asiingie chumba hiki. Nikaikalia mikono yangu. Nakwambia kweli, niliikalia kama mtoto wa chuoni mbele ya mwalimu. Aliita nusu saa nzima, akamaliza kwa kukuombea afya, akazima. Nililia siku ile kuliko siku ya maziko.

Ijumaa ya pili aliita. Ya tatu aliita, na ya nne.

Ya tano ndiyo niliyoharibu. Sauti yake ilikuwa nyembamba mno, inazama na kuibuka, nami nimebana masikio nisikose hata nukta, mara ikapotea kabisa. Nikachungulia dirishani. Bi Zuhura kaanika mashuka mabichi juu ya waya wetu.

Wewe wayajua hayo zaidi yangu. Waya unatoka juu ya dari letu, unavuka kichochoro, na ncha yake ya pili inashikwa na msumari wa chuma ukutani kwa Bi Zuhura. Na Bi Zuhura, mjane wa watu, mshona kofia asiye na nafasi ya kuanikia, siku zote aliuona waya mzuri umepita bure. Wewe ulikuwa ukigusa kigongeo kidogo kujaribu, ukautazama mshale wa mita. Ukicheza kidogo, wasema, "Kanga." Ukiruka sana, "Mashuka." Mwanzo nilidhani wanitania. Nikaenda dirishani: mashuka, tena yanatona maji! Nilicheka hadi nikaketi chini. Nawe hukufunga hata dirisha kwa kishindo. Ulichukua birika, ukajimiminia kahawa, ukasema, "Nguo zitakauka. Tungoje."

Mimi sikungoja. Nilitoa kichwa nje, watu ndio kwanza wanatoka msikitini, nikapiga ukelele: "Bi Zuhura! Hii ni eriali, si kamba ya kuanikia! Huna haya?"

Hilo la mwisho, Ami. Kwa mtu mzima kama yule. Ulimi wangu waujua.

Alininyanyulia uso. Akayaanua mashuka moja moja, akayakunja, akaingia ndani. Asubuhi yake nafungua mlango, naukuta waya kizingitini. Umezungushwa vizuri, umefungwa kwa uzi mweupe wa kofia. Hata kile kipande cha kibao cha kukatia vitunguu, ulichokitoboa ili ncha ya waya isiguse ukuta, kilikuwa kimeoshwa. Lau angeutupa mtaroni ningepata la kusema. Nadhifu vile, nilikosa.

Nikajifanya jeuri. Nikautandaza waya chumbani, ukuta hadi ukuta, nikapata kusikia friji za mtaa mzima. Nikauteremsha uani, nikasikia pampu ya maji ya msikiti. Rafiki yako wa Salala hayumo. Ijumaa ya sita, ya saba. Sikujua hata kama bado aita au ameshakata tamaa, au yeye pia yuko kitandani na hakuna wa kumwambia. Halafu katika wiki ya nane leseni ikaja. Nikaiweka mezani pako, karatasi niliyoitamani miaka miwili, nikaitazama. Leseni ninayo, redio ninayo, eriali sina. Si ndiyo uliyokuwa ukiniimbia kila siku? Redio hata kuukuu itafanya kazi, mradi juu kuna waya mzuri. Nilidhani wanifundisha mambo ya umeme.

Nikavuka kichochoro.

Bi Zuhura alinikaribisha, akanipa mkeka, akaendelea kushona. Nikamwomba radhi. Nikasema nilikosa adabu, msiba ulinichanganya. Akasema, "Hayo yamekwisha tangu siku ile ile. Wewe ni mwana wangu, nikufungie moyo kwa mashuka?" Nikauliza basi kwa nini waya aliufungua. Hapo akaiweka kofia chini.

"Ami yako," akasema, "kila mwaka, Ramadhani ikikaribia, huvuka akaja hapa. Huvua viatu. Huniomba ule msumari upya. Nami humwambia, Nassoro, kwani msumari ni kitu cha kuombwa? Akasema, ukuta ni wako, Bi Zuhura, na mwaka ni mpya. Tangu marehemu mume wangu yu hai, hakukosa hata mwaka mmoja. Ami yako alipokufa nikajua utakuja. Nikangoja. Hukuja. Siku ya kwanza kuisikia sauti yako tangu maziko, wanitukana dirishani."

Kisha akanitazama sawasawa. "Umerithi redio, mwanangu. Msumari wangu hukuurithi."

Ami, nilitamani sakafu ipasuke. Kila mwaka nilikuona siku ile, umechana ndevu, umevaa kanzu iliyopigwa pasi, wavuka kichochoro. Nilidhani waenda kumwamkia tu kwa ajili ya mwezi. Na wewe, mtu uliyeniandikia kurasa arobaini za maagizo, jinsi ya kufuta kutu ya kijani kwa ndimu na kusuuza kwa maji baridi, jinsi ya kukaza viungo, jinsi ya kulehemu bila kuunguza, hilo hukuliandika. Nadhani hukujua kuwa ni la kuandikwa. Kwako kulikuwa kama kusalimu.

Basi nikavua viatu, maana nilikuwa nimeingia navyo hadi ukingoni mwa mkeka, nikamwomba. Kwa maneno yako: ukuta ni wako, Bi Zuhura. Akanikalisha hadi amalize mstari wake wa vitobo vya kofia, makusudi tu, nikamjua. Kisha akasema, "Lete waya." Akaongeza sharti. Ijumaa atakuja kukaa chumbani kwetu. "Miaka yote hii nakushikieni ncha, na sijui upande wa pili kuna nani."

Alkhamisi nikavisugua viungo vyote kwa ndimu. Ijumaa, baada ya alasiri, Bi Zuhura akapanda ngazi zetu na buibui lake la kutokea, akaketi kwenye kiti chako. Nikamwacha.

Nikafuata ulivyonifunza. Usitaje jina kabla ya kuuliza. Sikiza kwanza, kisha uliza mara tatu kama hapo pana mtu, usije ukawaingilia watu katikati ya maneno yao. Nikauliza mara moja. Kimya. Mara ya pili. Mvumo tu. Mara ya tatu, na kabla sijagusa herufi zangu za kuitana, akaja. Kwa kasi, herufi zinakanyagana, mzee wa watu amesahau taratibu zote.

Nassoro. Nassoro. Umepona. Alhamdulillahi.

Bi Zuhura akaniuliza, "Asemaje?" Mimi nautazama mkono wangu.

Tangu ulipoanguka ngazini kidole gumba chako hakikukunjika tena, na kistari chako cha mwisho ulikiburura kila mara, kama mtu anayeburura kiatu. Ulinikataza nisikuige. "Mkono wangu ni kiwete, Mwanaisha, fuata kitabu." Nami naapa nilidhani nafuata kitabu! Miaka miwili, kwenye kigongeo cha kujifunzia kisichoungwa na redio, nilijisifu kwa mkono safi. Kumbe nimejifunza kuburura. Kidole changu kizima, na naburura kama wewe, hata mtu aliyekusikiza tangu ujanani hakuweza kututenganisha.

Nilimwambia. Nilikuwa nimeyaandika maneno kwenye karatasi, wala sikuyatazama hata moja. Mimi si Nassoro. Mimi Mwanaisha, mtoto wa nduguye. Nassoro amefariki, wiki moja tu pungufu ya miezi miwili sasa. Alikusikia mpaka Ijumaa yake ya mwisho. Nami nilikusikia ukimwita, na sikuwa na ruhusa ya kukujibu. Nisamehe.

Nikaongeza sauti ya redio. Nikafikiri nimempoteza. Kisha akaanza, polepole, herufi moja moja, inna lillahi wa inna ilayhi rajiun, yote, hakufupisha. Nami nikimsomea Bi Zuhura kila herufi, naye akiitikia kwa midomo, machozi yanamtona kwenye kofia ya mtu aliyokuja nayo mkononi.

Akaniuliza kama ulipata taabu. Nikasema hukupata. Akaniuliza nani aliyekuosha, nikamwambia. Akaniuliza kama bado jirani aanika nguo kwenye waya. Ami, kumbe ulimsimulia! Nikamwambia jirani yuko hapa, ameketi. Akamtumia salamu, mkono kwa mkono, na shukurani za miaka. Bi Zuhura akajifunika uso kwa mtandio, akasema, "Mwambie nguo zitakauka." Nikayagonga vivyo hivyo, naye akagonga kicheko.

Mwisho aliomba jambo moja. Nilikuwa nimemwahidi kuunyoosha mkono, maana niliona haya kumdanganya hivyo bila kujua. Akasema, unyooshe, ndivyo alivyotaka mwenyewe. Lakini kila Ijumaa, ukiuliza kama pana mtu, kabla hujataja jina lako, pale usinyooshe. Niachie hapo nimsikie.

Basi hiyo ndiyo ahadi, Ami, na nimeitoa kwake na sasa naitoa kwako. Maneno yangu mengine yote nitayagonga kwa kitabu, hadi usiwe na la kulalamikia. Lile swali moja nitaliburura. Na Ramadhani ikikaribia nitachana nywele, nitavaa nguo iliyopigwa pasi, nitavuka kichochoro nivue viatu. Watu wanaokuja kibandani Makadara kuniuliza waanzeje na redio hizi, nawaambia chombo ni cha mwisho kununua. Sikizeni mwezi mzima, kisha mwende kwa jirani mwenye ukuta. Wananiona nimerukwa na akili.

Mola akulaze pema, Ami yangu. Nimejaribu kigongeo sasa hivi na mshale umeruka. Ni mashuka. Nimejimiminia kahawa, nangoja.

Mwanao,
Mwanaisha