Maiki Haikusikia Mtu Akiniita

Jumamosi, saa kumi na moja jioni. Upepo haujatulia tangu asubuhi, na baridi ya mwezi wa saba hapa Sumbawanga haina huruma na vidole vya mtu anayechapa. Nimevaa sweta mbili na kitenge juu yake. Moyoni nina aibu, na woga kidogo. Acha niandike kabla sijaanza kujidanganya.

Leo ilikuwa siku ya mwisho kutuma sauti.

Kuna watu wa Dar wanatafuta wasomaji wa masomo ya watoto wa shule za msingi. Unarekodi ukiwa nyumbani kwako, unatuma, wanakulipa. Mwalimu mwenzangu wa zamani ndiye aliyenitumia tangazo, akaongeza kwamba sauti yangu ilikuwa inanyamazisha darasa la nne zima bila fimbo. Walitaka mfano wa dakika tatu, mwisho leo saa kumi na mbili jioni. Sauti safi, wakasema, bila mwangwi, bila kelele ya nyuma, na mahali tulivu pa kufanyia kazi kila siku. Niliposoma hapo kwenye mahali tulivu nilicheka peke yangu.

Nyumba hii ni ya mume wangu, na ndani yake yumo mama yake. Mama ni mtu wa Mwazye, ana miaka sabini na kitu, alianguka bafuni akavunjika nyonga. Mume wangu, Baba Neema, ananunua dagaa huko Kirando ziwani, anarudi nyumbani mara mbili kwa mwezi, ikizidi sana. Kwa hiyo niliomba ruhusa ya wiki moja shuleni ili nimuuguze mama. Wiki hiyo sasa ina mwaka wa tatu. Hakuna aliyenikalisha chini akaniambia acha kazi. Mambo yalijipanga tu hivyo, na mimi nikawa nayatazama yakijipanga.

“Wewe si upo nyumbani tu?” Ndivyo anavyosema Baba Neema kwenye simu kila kinapotokea kitu cha kufanywa. Hilo neno “tu” litakuja kuniua.

Nakiri hapa, kwa kuwa nyumbani kwangu hakuna anayesoma haya: kazi hii naitaka kwelikweli. Sitaki kumtoroka mama. Nataka saa mbili kwa siku ambazo mtu akiuliza niko wapi, jibu liwe yuko kazini.

Dada yangu wa Mbeya alinitumia maiki kwa basi, ikafika Alhamisi. Ndogo, nyeusi, na kijiguu chake cha kusimamia. Nikaichomeka kwenye kompyuta ya mezani ya Baba Neema, nikasoma, nikasikiliza. Sauti ilitoka kama ya mtu aliyetumbukia kwenye pipa. Nikasogea karibu, pipa likabaki lile lile. Nikahama sebuleni kwenda chumbani, huko upepo ukawa unapiga mabati kuliko ninavyosoma. Alhamisi nzima na Ijumaa nzima nilimlaumu dada kwa kununua kitu feki, na nilimwambia, tena bila kupaka mafuta.

Leo asubuhi nikaigonga ile maiki kwa ukucha. Ule mstari wa sauti unaoruka kwenye kioo haukutikisika. Nikaigonga kamera ndogo iliyoko juu ya kioo, mstari ukaruka mpaka juu. Hee! Siku mbili kompyuta ilikuwa inasikiliza kupitia kamera, maiki imechomekwa pale kama pambo. Nikaingia kwenye mipangilio ya sauti, nikachagua maiki, nikasema “moja, mbili, tatu,” na nikajisikia mimi mwenyewe, karibu, na pumzi yangu yote. Nilimpigia dada kuomba radhi. Alicheka sana, na nilistahili kuchekwa.

Ikabaki mahali. Chumba pekee chenye dari ni stoo, baba mkwe aliipigilia mbao mwenyewe enzi za uhai wake, na sasa imejaa magunia ya mahindi mpaka kifuani. Nikagundua magunia yanameza mwangwi. Nikaweka kompyuta kwenye stuli mlangoni kwa ndani, maiki juu ya gunia, nikaivalisha soksi ya Neema, binti yangu, ili herufi za p na b zisipasue. Neema yuko kwa shangazi yake wikiendi hii, soksi hana habari nayo. Halafu nikajifunika blanketi kichwani mimi na maiki yangu.

Jamani. Sumbawanga hii, watu wanavyoisema tayari kwa uchawi, mwanamke mzima ajifungie stoo, blanketi kichwani, anaongea peke yake habari za mvuke na mawingu. Jirani yetu alikuja kuazima kinu akasimama uani, akasikiliza, akaondoka bila kinu.

Sasa niseme jinsi ninavyoitwa, maana mtu asiyelijua hili hatanielewa.

Mama akiita “Mama Neema!” sipigi kelele kutoka nilipo. Naitika mara moja, “Abee mama,” kisha naenda mpaka alipo, nachuchumaa mbele yake, napiga makofi ya taratibu, ndipo ananiambia alichoniitia. Ndivyo nilivyofunzwa na mama yangu mzazi, ndivyo mke anavyomheshimu mkwe katika nyumba yetu, na akija mgeni mzee ni hivyo hivyo. Sijawahi kuona ni mzigo. Nilikuwa naona ni adabu, na hata leo naona ni adabu. Ila kwa kuitwa hivyo huwezi kurekodi dakika tatu mfululizo.

Mara ya kwanza aliniita nimpelekee fimbo yake. Mara ya pili nikahamishe kigoda chake, jua limesogea. Mara ya tatu alikuja mzee kutoka Kaoze, ndugu wa upande wa marehemu baba mkwe, nikatoka kusalimia, nikachuchumaa, nikapika chai, nikarudi stoo sauti imekauka. Mara ya nne alitaka kujua naongea na nani humo ndani. Kila rekodi nilikuwa naifuta. Kila moja ilikuwa inakatika mahali tofauti, na kila moja mwishoni ilikuwa na sauti yangu ikisema “Abee mama,” safi kabisa, bila mwangwi.

Saa saba nikaenda kuchuchumaa bila kuitwa. Nikamwomba mama nusu saa. Nikamweleza kwamba ni kazi, kwamba naomba asiniite kabisa, hata kama kuku wameingia jikoni. Aliniangalia akasema, “Haya, mwanangu. Kazi ni kazi.” Akajifunga shuka lake, akakaa zake juani ukutani.

Nikaingia stoo. Nikaanza vizuri, nilijua naanza vizuri. Tone la maji linaondoka ziwani, linakuwa mvuke. Sauti ilikuwa ile ya darasani, ile ambayo nilidhani imeshakufa. Nikasoma dakika ya kwanza. Nikaingia ya pili. Mvuke unapanda juu, unakutana na baridi...

“Mama Neema!”

Nikaitika. Nikavua blanketi, nikatoka kwa hasira. Nikaenda mpaka ukutani, nikachuchumaa, nikapiga makofi, na nakumbuka makofi yale yalikuwa makali kidogo. Mama akanishangaa.

“Sijakuita, mwanangu.”

Nikamwambia ameniita. Akasema hapana. Hapo ndipo nilipoharibu. Nilisimama mbele yake, nilisimama wima, nikamwambia nimemsikia kwa masikio yangu mawili, kwamba hata nusu saa imemshinda kunipa, kwamba miaka mitatu natembea kutoka jiko mpaka kiti chake na sijawahi kuhesabu, basi leo ndiyo ananikatalia mchana kweupe? Nilisema “unanifanyia makusudi.” Sijawahi kumwambia mtu mzima maneno hayo. Mama alishika fimbo yake akawa anachora chini kwa ncha, mistari mifupi mifupi.

Nikarudi stoo nikapiga mlango.

Nilikusudia kuifuta rekodi kama zile nyingine. Sijui kwa nini sikuifuta. Nadhani nilitaka ushahidi, nilitaka kusikia lile jina langu likiitwa ili hasira yangu iwe na haki. Nikavaa spika za masikioni, nikasikiliza tangu mwanzo.

Tone la maji. Ziwa. Mvuke. Upepo kwa mbali sana juu ya bati. “Mvuke unapanda juu, unakutana na baridi...” Kisha kimya.

Kisha mimi. “Abee mama.”

Nikarudisha nyuma. Nikaongeza sauti mpaka mwisho, mpaka nikasikia jogoo wa nyumba ya tatu. Jogoo yumo. Pikipiki ya mtu barabarani imo. Tumbo langu linanguruma, limo. Mama hayumo. Kwenye kioo mstari umelala chini, umelala, umelala, halafu unaruka ninapoitika mimi. Nilisikiliza mara sita.

Hakuna aliyeniita.

Nilibaki nimekaa kwenye gunia sijui muda gani. Mlango ulikuwa haujafungwa kwa ufunguo, mtu yeyote angeweza kutoka. Nilikuwa nawaza kwamba siku zote nimeamini kinachonifunga ni huyu mama aliyekaa nje na nyonga yake mbovu. Sasa yeye amenyamaza, ametimiza ahadi yake vizuri kuliko nilivyotegemea, na mimi nimejiita mwenyewe nikaacha kazi katikati ya sentensi.

Nikatoka. Safari hii nilipochuchumaa nilishindwa kupiga makofi, nililia tu. Nikamwambia mama, mashine imesema kweli, hukuniita, nimekukosea. Nilitegemea anigombeze. Nilikuwa natamani anigombeze.

Akaniuliza, “Umeitika na mimi sijaita?”

Nikasema ndiyo.

Akachora tena kwa fimbo. Kisha akaniambia kitu ambacho hajawahi kunigusia tangu niolewe. Kwamba mama mkwe wake, yaani mama mzazi wa baba mkwe wangu, alipokufa, yeye aliendelea kuitika karibu mwaka mzima. Alikuwa anaitika akiwa shambani. Aliitika siku moja kanisani Mwazye, watu wakageuka. Alikuwa anaacha jembe anatembea mpaka kwenye kile chumba, anachuchumaa mbele ya kitanda kitupu, ndipo anakumbuka.

“Niliona haya kumwambia mtu,” akasema. “Hata mume wangu hakujua.”

Nikamuuliza iliisha lini. Alifikiri.

“Ulipokuja wewe,” akasema. “Nikaanza kuita.”

Yeye ndiye aliyesimama kwanza, taratibu, akaegemea bega langu, akauliza saa ngapi wale watu wa Dar wanafunga. Nikamwambia. Akasema twende. Nikadhani anataka nimpeleke kitandani, kumbe anaelekea stoo. Akakaa kwenye gunia mbele yangu, magoti yetu yanagusana, shuka lake shingoni. Akanielekeza kama anayepanga mambo ya shamba: soma ukiniangalia mdomo. Ukisikia naita, angalia. Ukiona mdomo umefungwa, si mimi, endelea.

Nikasoma bila blanketi, macho kwenye mdomo wa mama. Alikuwa ameubana kwelikweli mpaka mikunjo imekutana. Dakika ya pili, pale pale kwenye neno baridi, nilisikia. Naapa nilisikia jina langu, wazi, kutoka uani. Ulimi wangu ulishaanza kunyanyuka. Mdomo wa mama ulikuwa umefungwa. Alitikisa kichwa kidogo, hapana. Nikasoma: unakutana na baridi, unageuka wingu, na wingu likilemewa, mvua inanyesha. Nikafika mwisho. Dakika tatu na sekunde nane.

Nilisikiliza, ilikuwa safi. Nikaituma saa tisa na nusu. Mama akasema sikujua unasoma vizuri hivyo, akaomba uji.

Basi ndiyo hivyo. Sijui kama watanichukua. Wakinichukua watataka rekodi kila siku, na kila siku siwezi kumkalisha bibi mwenye nyonga mbovu kwenye gunia la mahindi katika baridi hii, abane mdomo ili mimi nifanye kazi. Wasiponichukua, nitaitoa maiki soksi, nitarudisha kompyuta sebuleni, na kila mtu ataendelea kusema nipo nyumbani tu. Nimejaribu kufikiria njia ya tatu tangu nianze kuandika, sijaiona.

Najiwekea ahadi moja ya kesho. Nitaingia stoo peke yangu, bila kazi ya mtu, nitasoma chochote dakika tatu, na nikisikia jina langu nitaendelea kusoma. Nikishindwa nitarudia.

Saa kumi jirani alirudi kuchukua kile kinu alichokuja kuazima, akaondoka na mama wakamwone mtoto mchanga nyumba ya mwisho. Nilimfunga mama shuka la pili nikawasindikiza mpaka getini. Hawajarudi, ningesikia geti.

Sasa hivi, nikiandika mstari huu wa juu, nimesikia, “Mama Neema!”

Nyumba haina mtu. Nalijua hilo, nimeliandika mwenyewe hapo juu.

Nimeshaitika.