Jembe la Harriet

Serowe, Oktoba

Mwanangu Tshenolo,

Mvua bado, mbuzi wako kazaa mapacha, nami nipo. Mkeo Harriet yuko kwenye daftari la tatu la Kitswana. Mpaka juzi alikuwa anaandika tu. Hakufungua kinywa mpaka sentensi inyooke, kama anayemsubiri mkaguzi wa shule. Nami, nakiri, kila akijaribu nilikuwa namjibu kwa Kiingereza. Sikutaka ajue tunayosema.

Jumatatu, Harriet akisonga ugali wa mtama kando yetu, nilimwambia jirani MmaGasebalwe, "Mzungu huyu hatafika msimu wa kulima."

Akainua mwiko. Kwa Kitswana kilichopinda kama pembe za ng'ombe akasema, "Mama, nitafika. Jembe nishanunua!"

MmaGasebalwe alicheka mpaka akashika ukuta. Nilitamani ardhi inimeze, kisha nikacheka pia.

Tangu hapo hanyamazi. Anakosea, anaendelea. Jana alinifokea kwa kuwa nilizificha dawa zangu za presha nisizinywe, nikazinywa.

Wewe uliyezaliwa na lugha hii, huko mgodini hata salamu hujaniletea tangu Pasaka. Njoo. Kama umeisahau, mkeo atakufundisha.

Mama yako,
MmaTshenolo