Akinyamaza Ndiyo Naogopa

Jumatatu, 3 Machi
Mhariri kanipa herufi E ya kamusi yetu ya Kiingereza-Kiswahili. Nimekwama kwenye "enthral". Niliandika kuvutia. Kasema halijakolea — aliyevutiwa anaweza kujiondokea. Kuloga? Hapana, huko kuna waganga na hirizi, neno hili halina. Basi nini! Kaniachia nilifikirie.

Jumatano, 5 Machi
Mdogo wangu kamleta mchumba wake. Anauza mapazia. Sura ya kawaida, sauti ya chini. Alikuwa anatueleza tu jinsi ya kupima dirisha. Tulipozinduka, sufuria jikoni imeungua ikawa mkaa, nyumba nzima moshi. Watu wazima watatu — hakuna aliyesikia harufu! Mama kacheka, eti shemeji yangu ana maneno matamu. Mimi nilikuwa nakohoa. Nilianza kukohoa saa ngapi?

Ijumaa, 7 Machi
Nimechimba asili ya neno. Zamani "enthral" ilikuwa kumtia mtu utumwani. Kupendezwa kumekuja baadaye. Nikapendekeza kuteka. Mhariri kapiga meza: ndilo hilo! Teka nyara, teka moyo.

Nimerudi nyumbani, mdogo wangu ameacha kazi hospitali. Uuguzi wote ule aliousomea! Nikamuuliza kulikoni.

"Nimeona nipumzike, dada."

Polepole, chini chini. Hata pumzi anavuta palepale anapoivuta mchumba wake akiongea.

"Unampenda?"

"Sijui. Akinyamaza ndiyo naogopa."

Jumapili, 9 Machi
Tumekubaliana na Mama: muuza mapazia haingii tena humu. Hata mdogo wangu kasema sawa. Nimefunga mlango kwa ufunguo.

Amekuja. Hafoki, hagongi. Anaongea tu huko nje — vitambaa, mvua, madirisha yanayotazama jua. Mama kajifunika mto masikioni. Mimi naandika ili nisimsikie. Naandika chochote. Kuteka. Kuteka. Ana sauti nzuri, kusema kweli.

Mdogo wangu kaketi palepale kwenye kochi. Analia, ananitikisia kichwa — hapana, dada, hapana. Mbona ananiambia mimi? Mimi nimekaa tu hapa mezani.

Sijakaa. Nimesimama. Daftari nimelibana kwenye mlango, naandikia hapo. Mkono wa kushoto uko kwenye ufunguo