Msimu Niliokuficha Msiba wa Mama

Mdogo wangu mpendwa,

Unakumbuka mwaka ule nilipokuharibia mechi kwa mara ya kwanza? Ulikuwa ndiyo unatoka kanisani, hujavua hata tai. Jumapili yenu huko Marekani ni Jumatatu yangu asubuhi huku Sydney, nami nilikuwa nimeshaona kwenye simu kwamba timu yenu imefungwa. Nikakupigia kukupa pole kama ndugu. Ukanikatia simu, ukaninunia siku tatu. Sikujua kwamba ibada yenu ya Wakongomani humeza mchana mzima, na kwamba mechi ulikuwa unairekodi ili uiangalie nyumbani baada ya ugali, kama mtu asiyejua kilichotokea. Tangu siku hiyo kila simu yako kwangu, kaka yako mkubwa, yaya wako, ilianza na sharti moja: "Yaya, usiniambie score. Sijaona bado."

Nami nilikuwa nikicheka. Kwenye kambi ya wakimbizi tulikuwa tumepewa njia mbili, wewe na mkeo Marekani, mimi na binti yangu Australia, na mama akasema yeye hawezi kuzeekea kwenye baridi ya watu, akarudi Bukavu. Wewe ukaangukia mji wenye theluji na timu ya mpira wa Kimarekani. Niliudharau mchezo ule. Mpira gani unashikwa mikononi, halafu kila dakika unasimama watu wapangwe upya? Ulipomtumia mama picha ya wachezaji na helmeti zao, alinipigia kuniuliza kama umejiunga na jeshi. Lakini nilipomweleza, akaanza kuiombea timu yako kila Jumapili. Aliiita "ekipe ya mutoto wangu", na iliposhinda alijihesabia ushindi yeye.

Msimu ninaotaka kukuandikia ni ule wa mwisho. Figo zako zilikuwa zimegoma, na mara tatu kwa wiki ulikuwa ukisafishwa damu kwa mashine. Mama alikupigia akakuomba uje umwone kabla hajafa. Ukamfokea. Ulimwambia kila mtu anataka kuonwa na wewe, na hakuna anayeuliza kama wewe mwenyewe utaonekana kesho. Ukakata simu. Uliniambia mwenyewe, ukijichukia, na ukasema utamwomba radhi hasira ikipoa.

Wiki mbili baadaye mama alianguka jikoni kwake, akakata roho. Timu yako ilikuwa imecheza mechi moja tu, na ilikuwa imefungwa.

Baba mdogo alinipigia kutoka Bukavu kabla hata mwili haujaoshwa. Alinikumbusha kwamba mimi ndiye mkubwa: "Mugonjwa haambiwi kifo. Wewe njo mukubwa, utajua siku ya kumuambia." Mkeo, Mama Neema, akasema vilevile, kwamba madaktari wanauogopa moyo wako. Kwetu ndivyo ilivyo. Mtu anayepigania uhai hatupiwi jeneza kitandani. Nilikubali, na nataka ujue kwamba hakuna aliyenilazimisha.

Basi matanga tuliyaweka hapa nyumbani kwangu Doonside bila wewe. Watu walikuja kutoka Auburn na Seven Hills na masufuria yao, na kila aliyeingia nilimsihi mlangoni asiweke picha ya mama mtandaoni. Siku ya pili ukapiga. Nilitoka na simu hadi uani, nikasimama chini ya kamba ya nguo, na nyuma yangu mama mmoja wa kanisani akaanza kulia kwa sauti.

"Nani analia huko?" ukauliza.

"Watoto wanagombania televisheni."

"Mechi umeona?"

"Bado," nikasema. "Nieleze wewe."

Ukanieleza, kwa nusu saa, robo ya kwanza hadi ya nne, jinsi mlivyozidiwa. Nilikuwa nasema eeh, eeh, machozi yanaingia mdomoni. Siku hiyo niligundua kwamba kuna kitu kimoja ninachoweza kuzungumza nawe bila kukudanganya. Ndipo nikawa shabiki. Zamu yangu ya ghala pale Seven Hills ilianza mchana, kwa hiyo Jumatatu asubuhi nilikaa mbele ya televisheni na kujifunza. Nilijua majina ya walinzi. Nilijua kocha anatafuna nini. Ulifurahi, ukasema Australia imenizindua, kumbe nilikuwa natafuta maneno ya kujaza mahali pa mama.

Mkafungwa ya pili, ya tatu, ya nne. Mwanzoni ulitania: "Mama ameacha kutuombea." Nikasema simu yake imeharibika. Wiki nyingine nikasema amelala, nyingine nikasema mtandao wa Bukavu unasumbua, na uongo wangu ukawa na ratiba kama ligi. Mlipofungwa ya nane hukutania tena.

"Yaya, mama iko na hasira na mie."

"Hana. Alishakusamehe zamani."

"Basi anipigie mwenyewe."

Nikarudi kwenye mpira. Nikakuuliza kama kocha atafukuzwa.

Binti yangu alikuwa mezani anasikia. Yeye Kiswahili anakisikia chote, ila anajibu kwa Kiingereza. "Dad, just tell him," akasema. Nikamweleza habari ya mgonjwa na msiba. Akasema, "But he thinks she hates him." Nikamwambia anyamaze, amalize chai aende shule. Nilimkasirikia siku nzima, kwa sababu alikuwa amesema kweli.

Mlikuwa mmefungwa mechi kumi na moja mfululizo ulipolazwa. Nikaapa kwamba Jumatatu ile nakuambia, liwalo na liwe. Hukuwa kanisani safari hii, ulikuwa kitandani hospitalini, na kwa mara ya kwanza tuliangalia mechi pamoja, simu ikiwa wazi, hakuna anayemficha mwenzake matokeo. Nilisikia mashine zako zikilia na Mama Neema akikukataza kupiga kelele. Sekunde za mwisho mpira ukapigwa teke, ukapita katikati ya milingoti. Mmeshinda. Sikuwahi kukusikia ukicheka vile tangu tukiwa watoto. Nikavuta pumzi nikuambie.

"Yaya," ukanitangulia, "pigia mama sasa hivi. Muambie tumeshinda. Muambie aache hasira."

Nikasema, "Nitamwambia."

Hayo ndiyo maneno yangu ya mwisho kwako. Alhamisi ukafariki.

Mama Neema alinisimulia baada ya mazishi, kwa sababu hakuweza kubaki nayo peke yake. Usiku wako wa mwisho ulimuuliza mara mbili kama mama amepiga. Alijibu, bado. Ukageukia ukutani ukasema, "Basi hakunisamehe."

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Nimetafuta waliyosema juu ya mficha kifo, sijapata. Wazee wetu walikuwa na busara yao, lakini wao walimficha mgonjwa kwa siku mbili tatu, akiwa kwenye mkeka chumba cha pili, si kwa msimu mzima ng'ambo ya bahari. Sisemi haya ili kuwatupia lawama. Wao walisema nitajua siku. Siku niliijua, nikaiacha ipite kwa sababu ulikuwa unacheka. Ulinifundisha nisikuambie matokeo, nikakutii hadi pale ambapo hukuniomba.

Mechi zilizobaki niliziangalia zote peke yangu, mlifungwa zote. Ya mwisho ilikuwa thelathini na moja kwa kumi. Ilipoisha nilishika simu kukupigia, nikakumbuka, nikaenda kazini.

Sasa nisikilize, hakuna tena mechi ya kukuharibia. Mama alifariki Jumanne, asubuhi, maharage yakiwa motoni. Siku moja baada ya ugomvi wenu alinipigia akasema, "Ule mutoto analia tu. Mutu mwenye maumivu hana adabu, namujua, njo mimi nilimuzala." Akacheka. Jumapili iliyofuata aliiombea timu yako kwa jina, na wewe kwa jina. Ulipokuwa unangoja simu yake, wiki zote zile, hakuwa na hasira na wewe. Alikuwa amekufa.

Lala, mdogo wangu.

Ni mimi, yaya wako